Kikokotoo: tunagombania asilimia, fedha imepungukia kwingine

Mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la sita alistaafu baada ya kanuni mpya za mafao za mwaka 2022 kuanza kutumika. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta barazani kwenye nyumba ya kupanga. Nyumba yake mwenyewe iko nyuma ya shule, imefika kwenye lenta na kusimama hapo. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitikia marahaba, akaniambia nikae, kisha akaingia ndani na kutoka na daftari la miraba. "Leo hesabu ni yako," akasema. "Nimeweka namba nyepesi, usiogope."

Hesabu yenyewe ni hii. Mtumishi wa umma amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wake ni Sh milioni 1 kwa mwezi, sawa na milioni 12 kwa mwaka. Alikuwa mwanachama wa PSPF, mmoja wa mifuko ya pensheni iliyounganishwa mwaka 2018 kuunda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma Tanzania. Kwa kikokotoo cha zamani, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, unachukua miezi 360, unagawanya kwa 540, unazidisha kwa milioni 12. Unapata milioni 8, na hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani yote mara moja: Sh milioni 62. Nusu nyingine inagawanywa kwa miezi 12, naye anapokea Sh 333,333 kila mwezi maisha yake yote.

Kwa kikokotoo cha sasa, 540 imekuwa 580 na 15.5 imekuwa 12.5. Pensheni kamili ya mwaka inashuka hadi Sh 7,448,276. Kanuni za Julai 2022 ziliweka mkupuo wa asilimia 33 badala ya ile nusu, kwa hiyo mtu huyu angeondoka na Sh milioni 30.7 na pensheni ya Sh 415,862 kwa mwezi. Kelele zilipozidi, Serikali ilitangaza kwenye bajeti ya 2024/25 kuwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50 watapata mkupuo wa asilimia 40, na wale wa mifuko ya asilimia 25 watapata 35. Kwa asilimia 40, mtumishi wetu anapata mkupuo wa Sh milioni 37.2 na Sh 372,414 kwa mwezi.

Mwalimu alipigia mstari namba mbili za mwisho, akaniuliza swali kama alivyokuwa akituuliza darasani. Ukilinganisha na zamani, mkupuo umepungua kwa karibu milioni 24.8. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa Sh 39,081. Je, mstaafu aishi miezi mingapi ili ile nyongeza ifidie kilichokatwa? Nikagawanya kwenye simu. Miezi 633, zaidi ya miaka 52. Aliyestaafu na miaka 60 atafidiwa akiwa na miaka 112.

Nimeianza habari na daftari hilo kwa sababu mjadala wote wa kikokotoo, tangu mwaka 2018 hadi leo, umekuwa wa asilimia: 25, 33, 40, 50. Tukasahau namba nyingine mbili. Laiti 540 na 15.5 zingeachwa zilivyokuwa na asilimia ikashushwa hadi 33 ileile iliyoleta ghasia, mtumishi huyu angepata mkupuo wa Sh milioni 40.9 na pensheni ya Sh 446,667 kwa mwezi. Angewashinda kwa mkupuo na kwa pensheni hao wanaopewa asilimia 40 leo. Kwa hiyo anayeambiwa kuwa fedha yake haijapotea, imehamishwa tu kutoka kwenye mkupuo kwenda kwenye pensheni ya mwezi, anaambiwa nusu ya ukweli. Sehemu imehamishwa. Sehemu nyingine imeondolewa.

Hata hivyo sitaki kuandika kana kwamba waliobadilisha kanuni hizi hawakuwa na sababu. Walikuwa nazo, tena nzito. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri wake anaweka asilimia 15, jumla asilimia 20. Tujalie kwamba mtumishi wetu wa mfano alilipwa milioni 1 tangu siku ya kwanza kazini, jambo lisilowezekana, maana alianza na mshahara mdogo sana. Michango yake ya miaka 30, ukiacha faida ya uwekezaji, ni Sh milioni 72. Kwa kikokotoo cha zamani angechukua milioni 62 siku ya kwanza, na milioni 10 zilizobaki zingekwisha ndani ya miezi 30. Kuanzia hapo analipwa kwa faida ya vitega uchumi na kwa makato ya walio kazini. Kwa kikokotoo kipya michango hiyo inadumu karibu miaka minane. Anayesimamia mfuko akiona hesabu hiyo, huku wastaafu wakiongezeka kila mwaka, hawezi kulala usingizi.

Iko pia hoja ya haki kati ya watumishi wenyewe. Kabla ya kuunganisha mifuko, mwanachama wa PSPF au LAPF alipewa mkupuo wa asilimia 50, wa PPF akapewa 25. Wote ni watumishi, wanaweza kuwa na mshahara uleule na miaka ileile kazini, lakini siku ya kustaafu mmoja anaondoka na kitita na mwenzake na robo. Kwa waliokuwa kwenye asilimia 25, kanuni za 2022 zilikuwa nafuu, na hao hatuwasikii sana kwa sababu aliyeongezewa hapigi kelele. TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilikaa mezani na Serikali na chama cha waajiri, ATE, na asilimia 33 ikatoka kwenye meza hiyo. Lawama kwamba viongozi wa wafanyakazi waliwauza wanachama wao ni rahisi mno. Walikuwa wanabeba makundi mawili yenye maslahi tofauti.

Hoja ya tatu ya Serikali ndiyo inayowaudhi watu zaidi, nayo ni kwamba mstaafu akipewa fedha nyingi kwa mpigo huzimaliza. Sote tunawajua wazee walionunua daladala mbovu, au waliowapa watoto mtaji wa duka usioonekana tena, na baada ya miaka mitatu wakawa wanaomba nauli. Pensheni ya mwezi humlinda mtu wa namna hiyo, na humlinda pia na ndugu wanaokuja na mipango yao wiki ileile fedha inapoingia. Sipuuzi jambo hilo. Lakini naona linapimwa kwa jicho moja.

Tazama mshahara. Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Ni nyongeza kubwa na inastahili shukrani. Hata hivyo, mtu wa Sh 500,000 ukimtoa pango, chakula, nauli na ada hawezi kuweka akiba ya kujenga. Wengi wana mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara hadi ibaki theluthi moja inayolindwa na sheria, na chini ya theluthi hiyo kuna mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali. Mtumishi wa namna hii haoni mkupuo kama zawadi ya uzeeni. Kwake ni mshahara uliocheleweshwa, mtaji pekee atakaoushika katika maisha yake yote. Ndiyo maana wazee wetu waliuita kiinua mgongo: umeinama miaka 30, sasa unasimama. Ukimpunguzia milioni 25 umempunguzia nyumba.

Na kinachotokea baadaye kinaivunja ile hoja ya kumlinda. Mstaafu mwenye pensheni ya mwezi anakaribishwa na benki kuchukua mkopo wa wastaafu, unaokatwa kwenye pensheni hiyohiyo. Anakopa ili apandishe bati. Fedha ambayo angeipata kama mkupuo sasa anaipata kwa riba. Na kama Mungu hakumpa umri mrefu, pensheni inakoma naye. Wategemezi hulipwa pensheni ya miezi 36 kwa mkupuo, basi. Nyumba ingebaki kwa wajukuu.

Kuna jambo jingine katika kanuni hizi ambalo nadhani ndilo lenye uchungu kuliko yote, ingawa halitajwi sana majukwaani. Zamani mwanachama wa PSPF alikokotolewa kwa mshahara wake wa mwisho. Sasa ni wastani wa miaka mitatu yenye mshahara bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Kwa maofisa wa mifuko duniani kote hilo ni jambo la kawaida, linazuia mtu kupandishiwa mshahara ghafla mwaka wa kustaafu ili avune. Lakini huku kwetu nyongeza za kila mwaka zilisimama kwa miaka, na Rais alitangaza kuzirudisha Mei Mosi ya 2023 pale Morogoro. Watu walikaa daraja moja muda mrefu, barua za kupanda zikaja wakiwa wamebakiza mwaka mmoja. Kwa utaratibu wa zamani, barua iliyochelewa bado ingemfaa siku ya kustaafu. Kwa wastani wa miaka mitatu, inahesabika theluthi tu. Kosa la kumchelewesha halikuwa lake, na linamfuata hadi kaburini kupitia pensheni ya kila mwezi.

Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa kanuni hizi. Nakubali kwamba mfuko ulikuwa na tundu. Nataka tuulizane tundu lilitoboka vipi. Sheria ya kuchangia pensheni kwa watumishi wa Serikali ilianza mwaka 1999. Kabla ya hapo pensheni ililipwa na Hazina, mtumishi hakuchangia. PSPF ikabebeshwa kuwalipa wastaafu kwa miaka yao yote ya kazi, ikiwemo ile ambayo hakuna aliyeichangia, kwa makubaliano kwamba Serikali italeta fedha za miaka hiyo. Fedha hizo zilichelewa hadi deni likafika Sh trilioni 4.46. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa na si fedha mkononi, ya Sh trilioni 2.17 kupunguza deni hilo, hatua ya heshima. Lakini tarehe zinazungumza. Kwa miaka zaidi ya 20 aliyekuwa nyuma katika kulipa ni mwajiri, huku asilimia 5 ya mtumishi ikikatwa kila mwezi bila kukosa, kabla hata hajauona mshahara. Ilipofika wakati wa kuuokoa mfuko, aliyepunguziwa ni yule ambaye hakuwahi kuruka mwezi.

Wapo watakaojibu kwamba Serikali ni sisi, na kwamba fedha ya kuziba pengo ingetoka kwenye kodi ya muuza nyanya ambaye hana pensheni kabisa. Ni jibu la haki na limenifikirisha. Mkulima wa Namtumbo hana 540 wala 580. Kumwambia alipe ili mtumishi apate milioni 62 ni kumwonea. Kwa hiyo sidai turudi tulikotoka. Hesabu ya miezi 30 imenishawishi kwamba haiwezekani. Ninachodai ni kidogo zaidi na kinawezekana. Tathmini ya uhai wa mfuko itolewe hadharani, kwa Kiswahili, ili mwalimu aone kwa nini 12.5 na si 14. Mtumishi achague mwenyewe kati ya mkupuo mkubwa na pensheni kubwa, ndani ya mipaka ambayo mfuko unaibeba, maana thamani ya fedha yake ni moja. Pensheni ya mwezi ipande kwa kanuni inayofuata bei za sokoni, isingoje tamko. Kima cha chini chake kimepanda mwaka 2025 kutoka Sh 100,000 hadi 150,000, na kabla ya hapo wazee walingoja sana. Ukimshawishi mtu aache mkupuo achukue kidogokidogo kwa miaka 20, sharti umhakikishie kwamba kidogo hicho kitanunua unga uleule mwaka wa ishirini. Na aliyecheleweshewa daraja na mwajiri, wastani wake ukokotolewe kana kwamba alipanda kwa wakati.

Zaidi ya yote, kanuni zisimguse aliyekwisha fika miaka 55. Usalama wa ajira haukomi kwenye kutofukuzwa kazi. Mtu aliyepanga uzee wake kwa kanuni moja na kuikuta nyingine amebakiza miaka mitatu ameondolewa kitu asichoweza tena kukitafuta. Tangu 2018 tumeshuhudia kanuni za mkupuo wa asilimia 25, zikasimamishwa na Rais Magufuli Desemba mwaka huohuo, kisha 33 mwaka 2022, kisha 40 na 35 mwaka 2024. Binti wa miaka 25 aliyeajiriwa mwaka 2025 atastaafu kwa lazima mwaka 2060. Kabla ya hapo atabadilishiwa kanuni mara ngapi?

Nilipoaga, mwalimu aliniomba nimwonyeshe hati yangu ya mshahara. Nikaifungua kwenye simu. Akasogeza miwani, akapita mshahara ghafi, akapita kodi, akaweka kidole kwenye mstari wa PSSSF. "Hii," akasema, "anza kuikokotoa leo. Mimi nilianza nikiwa na miaka 58."