Mbuzi wa Ladakh na kamba wa Kiunga

Juzi baada ya isha tumekaa Mkunguni hapa Lamu, kahawa inazunguka, kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha klipu ya wanajeshi wa India na China wanasukumana huko milimani Ladakh kama watoto wanaogombania mpira. Ami yangu akauliza, "Sasa hawa mbona hawana bunduki?" Nikamwambia ami, wanazo, ila wamekubaliana wasizitumie.

Kuna mkataba wa 1996 unaokataza kufyatua risasi ndani ya kilomita 2 kutoka kwenye mstari wa mpaka wao. Mkataba mzuri tu, shida mstari wenyewe haujachorwa, kila mmoja anao wake kichwani, na walishapigana vita kamili 1962 na bado haukupatikana. Ndo usiku wa 15 Juni 2020 pale bonde la Galwan wakauana kwa mawe na virungu, wengine wakaangukia mtoni kwenye ile baridi, India ikapoteza wanajeshi 20 na China ikaja kusema miezi baadaye kwamba wake ni 4. Risasi haikulia hata moja! Ami akatikisa kichwa tu.

Kuna wanaosema biashara ndo dawa ya haya mambo. Mimi siamini sana. Biashara yao ilikuwepo kabla ya Galwan na baada yake ikazidi, inapita dola bilioni 100 kwa mwaka, huku India imefungia TikTok ya Wachina mwezi ule ule wa Galwan.

Kilichonigusa mimi ni Oktoba 2024. Hawakumaliza ugomvi wa mpaka, waliuacha palepale ulipo, wakakubaliana vitu vidogo, doria zipite vipi kule Depsang na Demchok, sehemu mbili za mpaka huo, na wachungaji warudi kulisha. Siku mbili baadaye Modi wa India na Xi wa China wanaonana Kazan, Urusi. Mwaka uliofuata mahujaji wa India wakaruhusiwa tena kwenda mlima Kailash upande wa China na ndege za moja kwa moja zikarudi baada ya miaka mitano.

Sasa njoo kwetu. Sisi mstari tunao, Somalia ilipeleka kesi ya mpaka wa baharini na Kenya kwenye mahakama ya The Hague 2014 na tarehe 12 Oktoba 2021 majaji wakachora wao, Kenya ikasema haiutambui. Watu wote wakaanza kuongea mafuta na gesi, sikusikia mtu akitaja kamba tunaowavua. Ami ni Mbajuni wa Kiunga, bibi yake kazikwa Ras Kamboni upande wa Somalia, zamani walikuwa wakienda harusini kule kwa mashua wakarudi na zawadi. Ana mwamba wake wa kamba alioachiwa na babake, hana GPS wala nini, anaupata kwa kulinganisha mti mmoja wa mkoma ulioinama na kilima kilicho nyuma yake, akishaona vimekaa pamoja anatia nanga. Anasema sasa hivi hajui mwamba huo ni wa nani.

Kwa maoni yangu hao wakubwa waendelee kubishana huo mstari hata miaka 20, ila wavuvi wa huku na wa kule wapewe kadi kwanza, zitambulike pande zote mbili, na askari wa doria wawe na namba za wenzao. Najua mtu ataniambia Al-Shabaab, na ana haki, hapa Lamu nani kasahau mauaji ya Mpeketoni 2014, Ladakh hawana balaa hilo. Lakini mvuvi mwenye kadi unamjua ni nani na katoka saa ngapi, yule anayejipenyeza usiku ndo humjui, na mvuvi asiye na kadi njaa itampeleka tu.

Ami akaomba simu aangalie tena. Akaivuta karibu na macho, "Hakuna hata mti hapa, wanagombania nini?" Nikamwambia kuna mbuzi, wale wenye manyoya laini yanayotengenezewa shali za bei kali. Akarudisha simu, akavuta kahawa yake.

"Ala. Kumbe ndo kamba wao."