Bweni la Ujamaa: kimbilio au utengano?

Usiku wa kuamkia Aprili 18, 1969, msalaba ulichomwa moto nje ya Wari House, nyumba ya wanafunzi wa kike Weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, Marekani. Siku iliyofuata wanafunzi Weusi waliteka jengo la Willard Straight, kituo cha wanafunzi chuoni hapo. Mwaka 1972 Cornell ilifungua bweni la utamaduni wa Weusi na kuliita Ujamaa, jina ambalo Azimio la Arusha lilikuwa limeshalivumisha. Chuo Kikuu cha Stanford, California, nacho kina bweni la jina hilohilo.

Wapo wanaosema mabweni haya yanarudisha utengano, na si kila anayeyapinga anawachukia Weusi. Kenneth Clark alikuwa mwanasaikolojia Mweusi, na utafiti wake wa wanasesere ulichangia hukumu ya 1954 iliyoharamisha utengano mashuleni. Mwaka 1969 alijiuzulu kwenye bodi ya Chuo cha Antioch kwa kuwa chuo kilikubali programu ya Weusi peke yao. Hoja hiyo ina uzito. Mzee aliyeupigania mlango ufunguliwe ana haki ya kushtuka akiona vijana wanauegemeza.

Ila Ujamaa ya Cornell iko wazi kwa wanafunzi wa rangi zote, tena anayeishi humo husoma, hula na kufanya mitihani pamoja na wenzake Weupe mchana kutwa. Ukiwa Mweusi pekee darasani, utumwa ukitajwa macho yote yanakugeukia, kana kwamba umetumwa na mababu zako kuja kujibu. Jioni mtu anahitaji mahali pa kuwa mwanafunzi tu. Na hata humo usalama si kamili: mwaka 1988, ndani ya Ujamaa ya Stanford, wanafunzi Weupe waliichora picha ya Beethoven, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, kwa kejeli ya sura ya Mweusi, baada ya mabishano kama alikuwa na asili ya Afrika.

Mimi nayaunga mkono mabweni haya. Hofu yangu iko kwa wakuu wa vyuo, ambao wakishalifungua bweni huona wamemaliza kazi. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kupiga marufuku mwaka 2023 kuzingatia rangi katika udahili, Weusi kati ya wanafunzi wapya wa MIT, chuo mashuhuri cha teknolojia, walishuka kutoka wastani wa asilimia 13 hadi 5. Wakiwa wachache hivyo, kuwalaumu kwa kukaa pamoja ni kuwaonea.