Mazoezi ya Baridi, Sahare

Mtu wa kawaida akitaka kwenda Dodoma hukata tiketi pale Kange, akapanda basi, akasinzia mpaka Chalinze. Shemeji yangu, aliyezaliwa hukohuko Dodoma na Tanga amefuata mke tu, alisema safari ya mashamba ya zabibu wakati wa kipupwe haiendwi kienyeji. Inapangwa. Na kabla ya kuendwa inafanyiwa mazoezi.

Mpango wenyewe, nisiseme uongo, ulikuwa mtamu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba. Kwa hiyo tukiwahi Agosti tungekuta vichala vinaning'inia na baridi haijaondoka. Basi mpaka Morogoro, halafu treni ya umeme, maana tangu 2024 inafika Dodoma. Huko tuendeshe baiskeli kwenye mashamba ya Bihawana, tulale kwenye hema, wanywaji waonje mvinyo na sisi wengine tule zabibu mpaka meno yachoke. Atakayebakiwa na nguvu aendelee hadi Kolo, Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ikaundwa kamati. Kwetu watu wanne hawawezi kununua embe bila kamati. Shemeji mwenyekiti, mwalimu jirani yetu katibu, binamu yangu fundi baiskeli akapewa usafiri, mimi mjumbe. Shangazi hakuwemo, ila vikao vilikuwa sebuleni kwake, kwa hiyo aliposikia neno mvinyo kila mtu alinyamaza.

"Mimi hilo sijalisikia," akasema. "Nimesikia zabibu. Mniletee kavu, kilo mbili, za biriani."

Kikao kikaendelea.

Shemeji alitutisha sana na baridi. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000, upepo hauna pa kuzuiliwa, na usiku wa Julai joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 13. Sisi Tanga zikifika nyuzi 20 tunavaa sweta na soksi na tunaulizana nani anaumwa. Tukaenda mitumba, tukachagua makoti ya watu wa theluji. La mwalimu lilikuwa na manyoya kwenye kofia. La binamu lilikuwa bado na tiketi ya kupandia mlima wa kuteleza, imening'inia kwenye zipu. Langu jekundu, lilinifika kwenye vifundo.

Jumamosi ya mazoezi tukatoka Ngamiani jioni, juu ya baiskeli, makoti mwilini, vifungo mpaka kidevuni. Mwenyekiti alisema mwili lazima uzoee. Watoto wakatukimbilia nyuma wakiuliza igizo linachezwa wapi. Kabla hatujafika mbali, koti la binamu likaingia kwenye mnyororo, akalala barabarani na baiskeli juu yake, na muuza madafu ndiye aliyemkata akatoka, kwa panga lilelile la madafu. Binamu akaendelea na safari akiwa na koti la mbele tu.

Sahare tukafika usiku, mwezi mpevu, maji yametoka, mchanga umetandazwa mpaka mbali. Mzee mmoja alikuwa anafunga ngalawa yake kwenye mnazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wanangu. Mnalala hapa? Basi pandeni huku juu. Leo bamvua."

Mimi nikasema tumsikilize babu. Lakini huku juu kulikuwa na minazi, na hatari pekee ya pwani ambayo shemeji aliijua ni nazi kumwangukia mtu kichwani. Alikuwa amesimuliwa hadithi hizo na dada yangu siku za uchumba, sijui kwa nini. "Bahari ile kule," akasema, akionyesha kwa tochi, "nazi hizi hapa." Kura zikapigwa, nikashindwa. Babu akatutazama, akarudi kwenye ngalawa yake, akaongeza fundo jingine.

Nililala na viatu mguuni.

Kabla ya kulala lakini kulikuwa na somo. Mwalimu alibeba chupa ya mvinyo wa Dodoma kwa ajili ya mazoezi ya kuonja, na shemeji akawa anauzungusha ndani ya kikombe cha bati, anaunusa, anafumba macho, anasema anauona udongo wa kwao. Mimi na binamu tulikunywa chai ya tangawizi, jasho linatuchuruzika ndani ya manyoya ya Ulaya.

Kama saa tisa za usiku mwalimu akauliza nani kamwaga chai. Hakuna aliyejibu, maana godoro la binamu lilikuwa limeanza kutembea. Shemeji akaruka kufungua mlango, zipu ya koti lake ikaingia kwenye zipu ya hema, akabaki amening'inia pale kama pazia, na maji yanapanda. Koti la theluji likishakunywa maji ya chumvi haliinuki. Tukang'oa hema zima, tukalibeba sisi tukiwa ndani, tukaanza kutembea. Mwenyekiti akaongoza, na kwa kuwa hakuona kitu, akatuongoza kuelekea Pemba.

"Nyie!" sauti ikatoka nyuma yetu. "Nchi kavu huku!"

Babu akatuvuta kwa kamba ya ngalawa, tumo ndani ya hema, mpaka kwenye mnazi. Hakucheka. Alisubiri kwanza tutoke wote, atuhesabu, ndipo akakaa chini akacheka mpaka akakohoa. Shemeji peke yake hakukaa. Alirudi akasimama kule mbali, maji magotini, anaangalia nazi.

Baiskeli tulizipata maji yalipotoka asubuhi. Chupa haikuonekana.

Makoti tukayaanika kwa shangazi, kamba ikatoka uani ikazunguka mpaka mbele ya nyumba. Wapita njia wakaanza kuuliza bei. Shangazi alikuwa bado anatugombeza, lakini mtu wa tatu alipouliza, akamjibu. Mwishowe akaja mfanyabiashara wa Lushoto, anayeshusha kabeji sokoni Mgandini, akayapapasa na kusema yamekolea chumvi.

"Hiyo sikuuzii," shangazi akamwambia. "Nakupa bure."

Akayachukua yote, pamoja na lile la mbele tu. Tuliporudi kutoka kumpelekea babu sukari na asante, makoti hayapo, hela hazipo, na nyumba nzima inanukia. Shangazi akasema zabibu zake alizoagiza amezipata dukani, kwa hiyo hatuna tena haja ya kwenda mbali, tunawe mikono.

Biriani ilikuwa nzuri sana. Shemeji alizitoa zabibu moja moja, akazipanga ukingoni mwa sahani, akasema hizi si za Dodoma.