Kinachotusumbua Huanza Hedhi Ikiwa Bado Inakuja

Muulize mwanamke wa miaka 42 au 43 kama anajua habari za kukoma hedhi, atakwambia anajua. Ukifika hamsini hivi siku zako zinakatika, huzai tena, unaanza kusikia joto. Basi, somo limeisha. Si uongo. Ila somo hilo linaanzia mwishoni, na naamini hapo ndipo tunapoumia: siku ya mwisho tunaijua, miaka inayoitangulia hatuijui kabisa.

Madaktari huhesabu kwamba hedhi imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, na hakuna ujauzito wala sababu nyingine. Kwa hiyo siku yenyewe huijui ilipofika, unakuja kuijua mwaka mzima baadaye. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini ovari, vile viungo viwili vinavyotoa mayai ya uzazi na homoni za kike, haziachi kazi ghafla. Kwa miaka kadhaa kabla, mara nyingi minne na kwa wengine hata minane, zinafanya kazi kwa kusuasua. Mwezi huu estrojeni, homoni kuu ya kike, inapanda kupita kiasi, mwezi ujao inaporomoka. Na muda wote huo damu inaweza kuwa inakuja, tena kwa wengine inakuja nyingi kuliko zamani au mara mbili ndani ya mwezi. Sasa mtu ambaye bado ananunua pedi atawazaje kukoma hedhi?

Ndiyo maana dalili zikija, hupewa majina mengine. Moyo kwenda mbio ni presha. Viungo kukaza asubuhi ni uzito umezidi. Kusahau ulichofuata chumbani ni kazi nyingi. Hasira za ghafla ni tabia mbaya, na hilo kwa kawaida husemwa na watu wa nyumbani.

Namfahamu mama mmoja aliyekuwa akizinduka saa tisa usiku, moyo unamdunda, mikono inamtetemeka, ana hakika kabisa kwamba anakufa. Akapimwa umeme wa moyo, akapigwa picha ya moyo, akatolewa damu. Kila kitu kiko sawa. Akaambiwa ana mawazo mengi, apumzike. Alikuwa na miaka 44. Hedhi yake ilikuwa inaruka mwezi, inarudi, inaruka tena, na yeye aliona hiyo ni nafuu tu, wala hakuitaja. Aliyempima naye hakuuliza. Kumpima moyo lilikuwa jambo sahihi, na moyo ukienda mbio lazima upimwe. Ninacholalamikia ni kwamba vipimo vilipotoka safi, maswali nayo yakaishia hapo. Aliondoka akiamini ana ugonjwa wa akili ambao hakuna mtu aliyemtajia.

Hilo joto lenyewe tunalitaja juujuu mno, kana kwamba ni suala la kufungua dirisha. Linaanzia kifuani au tumboni, linapanda shingoni, masikio yanawaka, uso unachomeka. Kwa dakika chache unahisi umevaa koti zito na huwezi kulivua. Kisha jasho, mgongo na nyuma ya shingo vinalowa, na baada ya jasho baridi. Likija usiku unaamka shuka limelowa, unaligeuza, unalala upande mkavu, na ukikaribia kusinzia linarudi. Mtu anayelala hivyo mwezi mzima akija kazini akakosea hesabu, sioni ajabu iko wapi.

Na si mambo ya kufikirika. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili. Kuna seli za neva zinazoiathiri sehemu hiyo, na estrojeni ndiyo huzituliza. Estrojeni ikipungua zinachangamka, ubongo unadhani mwili umepata joto kali, unaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke. Seli hizo zimeshaeleweka vya kutosha hata ikatengenezwa dawa isiyo ya homoni inayozilenga, fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Kwa hiyo anayekwambia ni woga wako, mjibu bila haya.

Tunaambiwa pia kwamba ni mambo ya mwaka mmoja, yatapita. Kuna utafiti wa muda mrefu wa Marekani unaojulikana kwa kifupi SWAN, ulioanza kufuatilia wanawake wa asili mbalimbali katika miaka ya 1990. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kwa wale wanaopata joto hilo mara kwa mara, nusu yao lilidumu zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake weusi wa Marekani ilikuwa karibu miaka 10. Na lililonigusa zaidi ni hili: walioanza kulisikia mapema, hedhi ikiwa bado inakuja, ndio waliokaa nalo muda mrefu kuliko wote, zaidi ya miaka 11. Yaani hasa wale ambao hakuna anayewadhania.

Niliwahi kumuuliza mama yangu kwake ilikuwaje. "Iliacha tu, mwanangu," akasema, akaendelea na kazi zake. Nilikuja kuambiwa na shangazi kwamba kuna kipindi mama alikuwa akiacha kitanda usiku na kulala sakafuni, kifua kikigusa saruji, ili apate ubaridi. Sisi watoto tuliambiwa mgongo unamuuma. Simlaumu. Na yeye hakuambiwa na mama yake, na wakati ule hata angesema, angepewa nini zaidi ya kuambiwa avumilie? Kuvumilia ulikuwa ushauri wa maana pale ambapo hapakuwa na kingine cha kutoa. Sasa kipo, na bado tunarithishana ule ule.

Kabla sijaonekana natisha watu: wapo ambao hawasikii chochote, na wapo wanaofurahi. Hakuna pedi, hakuna maumivu ya tumbo, hakuna hofu ya mimba. Mwanaanthropolojia Margaret Lock alipowahoji wanawake wa Japani katika miaka ya 1980, wachache sana walilalamikia joto, wengi zaidi walitaja mabega kukaza na kichwa kuuma. Kukoma hedhi si ugonjwa, na sipendi hata kidogo jinsi siku hizi kila krimu na kila kidonge cha mitishamba kinavyoandikwa kuwa ni cha wanawake wa umri huu. Ila kusema si ugonjwa kusigeuzwe kuwa sababu ya kumrudisha nyumbani mtu anayeteseka. Uzazi nao si ugonjwa, na hakuna anayemwambia mjamzito asiende kliniki.

Hofu kubwa ninayoisikia ni ya dawa za homoni, zinazomrudishia mwanamke estrojeni iliyopungua. Ilianzia mwaka 2002, pale utafiti wa Marekani wa Women's Health Initiative uliposimamisha kabla ya wakati jaribio la estrojeni pamoja na projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, homoni nyingine ya kike. Habari zikaenea dunia nzima kwamba homoni zinaleta saratani ya matiti, wanawake wakatupa dawa, na madaktari wengi wakaacha kuziandika. Kilichoenea kidogo ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, yaani wengi wao hedhi ilikuwa imekoma miaka mingi nyuma, na kwamba saratani za matiti zilizoongezeka zilikuwa takriban 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Hatari ipo, sikatai. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwenye mishipa ana mazungumzo tofauti na daktari wake. Lakini kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na dalili zinamtesa, msimamo wa vyama vya kitaalamu leo ni kwamba faida kwa kawaida inazidi hatari. Ambaye hajatolewa mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake, huongezewa projesteroni ya kuulinda. Zipo tembe, zipo za kubandika kwenye ngozi, ipo jeli. Huo ni uamuzi wa mtu na daktari wake, ila ni haki yake kuufanya akiwa na habari kamili, si uvumi wa zaidi ya miaka 20.

Kuna jambo hatulitaji hata tukiwa wanawake watupu: ukavu ukeni. Joto hatimaye hupungua kwa wengi. Ukavu haupungui, bila tiba huelekea kuzidi mwaka hadi mwaka, na unakuja na maumivu wakati wa tendo, kukojoa mara kwa mara, na maambukizi ya njia ya mkojo yanayotibiwa leo na kurudi mwezi ujao. Mume anaona amekataliwa. Mke anaona amekwisha. Wanalala wamegeuziana migongo kwa jambo lenye tiba nyepesi: vilainishi, au estrojeni kidogo inayowekwa pale pale ukeni, ambayo ni kidogo mno inayoingia kwenye damu. Ningeambiwa nichague jambo moja la kutangazwa kwa kipaza sauti, ningechagua hili, hata kama watu watainamisha vichwa.

Upo pia ujinga wa upande wa pili, wa kulisukumia umri kila kitu. Mwanamke ambaye mwaka umepita bila damu, kisha akaona damu, hata tone, hedhi haijamrudia. Mara nyingi chanzo si kibaya, lakini saratani ya mji wa mimba hujitangaza kwa njia hiyo hiyo, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Aende akapimwe wiki hiyo hiyo, asingoje kuona kama itarudi tena. Na aliye kwenye miaka ya kusuasua asijidanganye kwamba hawezi kupata mimba. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango mwaka 1 baada ya hedhi ya mwisho kama umevuka miaka 50, na miaka 2 kama hujafika hapo. Watoto wa "nilidhani nimeshakatika" wapo, na ni wazuri, lakini mama zao walishtuka.

Tarehe 18 Oktoba ni siku ya kimataifa ya kukoma hedhi. Sina ugomvi nayo, ila mabango ya siku moja hayamfikii yule wa saa tisa usiku. Ningependa maneno machache tu yasemwe pale ambapo wanawake tayari wanakwenda. Anayekuja kwa uzazi wa mpango au kupima mlango wa kizazi akiwa na miaka 40 aambiwe: miaka ijayo ukikosa usingizi, moyo ukienda mbio, viungo vikiuma, hedhi ikianza kubadilika, usiyatenganishe hayo, njoo nayo yote kwa pamoja. Aambiwe aandike kwenye simu tarehe za hedhi na usiku aliokosa kulala. Maandishi hayo yatamsaidia kuliko kipimo cha homoni, ambacho wengi hukimbilia. Kwa aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kawaida, kipimo hicho kwa kawaida hakihitajiki, kwa sababu homoni zinapanda na kushuka na majibu ya Jumatatu yanaweza kupingana na ya Ijumaa.

Kwa aliye chini ya miaka 40 mambo ni mengine. Hedhi yake ikikatika kwa miezi kadhaa bila mimba, vipimo ni lazima, na vivyo hivyo asiachwe hivi hivi yule aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji, ambaye anaingia kwenye hali hii kwa siku moja bila ile miaka ya kuzoea. Hawa mifupa na moyo wao vinakosa kinga ya estrojeni mapema mno, na kama hakuna kinachozuia, kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni angalau hadi ufike umri ambao hedhi ingekoma yenyewe.