Jembe Laonekana, Kodi Haionekani: Televisheni Inapofufua Maisha ya Shamba

Tangu mwaka 2005, televisheni ya Uingereza imekuwa ikirudia kwa mafanikio wazo ambalo kwa maelezo tu lingemchosha mtu: kundi dogo la wanahistoria na wanaakiolojia linahamia katika shamba la kale, linavaa mavazi ya enzi husika, na kwa mwaka mzima linalima, linafuga, linapika na kufua kwa zana za enzi hiyo huku kamera zikilifuata. Lilianza na shamba la miaka ya 1620 mpakani mwa Wales. Mwaka 2009 likavuma kwa Victorian Farm, yaani shamba la enzi ya Malkia Victoria, iliyopigwa katika eneo la Acton Scott huko Shropshire, kisha zikafuata zama za Mfalme Edward wa Saba, za Vita Kuu ya Pili ya Dunia na za shamba la monasteri la mwaka 1500. Ruth Goodman, mwanahistoria wa maisha ya nyumbani, pamoja na wanaakiolojia Peter Ginn na Alex Langlands, ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Wapo wanaoviona vipindi hivi kuwa darasa linalovipita vitabu vingi vya historia, na wapo wanaoviona kuwa njozi za watu walioshiba. Pande zote mbili zina hoja, ila nadhani mara nyingi hubishania jambo lisilo la msingi, yaani kama maisha ya zamani yameigwa sawasawa au la. Hayawezi kuigwa sawasawa, na Goodman na wenzake hawajifanyi wakulima wa enzi ya Malkia Victoria. Wao ni wataalamu wanaojaribu zana na kueleza walichokiona. Linalofaa kuulizwa ni lipi kati ya mambo ya shamba la kale linaweza kujulikana kwa kulifanya kwa mikono, na lipi haliwezi hata mtu akilima miaka kumi.

Nianze na utetezi, kwa sababu hoja yake nzito zaidi husemwa kwa nadra. Kwa kawaida tunaambiwa kwamba vipindi hivi huwavutia vijana kwenye historia, na hilo linaweza kusemwa juu ya chochote chenye farasi na mandhari nzuri. Hoja nzito ni kwamba yapo mambo ambayo nyaraka hazikuyaandika kwa kuwa kila aliyekuwepo aliyajua. Chukua suala la masizi. Goodman, aliyepika kwa kuni katika shamba la karne ya 17 na baadaye kwa makaa ya mawe katika jiko la chuma, ameeleza kwamba kuishi na mioto yote miwili ndiko kulikomfumbua macho. Masizi ya kuni ni makavu kiasi, na chombo kilichopikiwa kuni husafishika kwa mchanga na majivu, jambo ambalo mama wa Singida au wa Kitui hahitaji kufundishwa na mtu. Masizi ya makaa ya mawe yananata. Hushika ukutani, kwenye mapazia na kwenye kola za mashati, wala hayatoki bila sabuni na maji ya moto. Kwa hiyo nyumba iliyojipatia moto wa makaa ya mawe ilijipatia pia mzigo mpya wa usafi, na mzigo huo ukamwangukia mwanamke wa nyumba na mtumishi wake wa kike. Historia ya makaa ya mawe iliyoandikwa kwa takwimu za migodi na viwanda ingeweza kupita karne nzima bila kuiona kola ya shati.

Kufua nako kulikuwa kazi ya siku kadhaa. Nguo zilichambuliwa, zikalowekwa usiku kucha, zikasukwasukwa ndani ya pipa kwa mpini uliowekewa miguu kama kigoda, zikachemshwa, zikasuuzwa tena na tena, nyeupe zikatiwa bluu na wanga, zikakamuliwa kati ya magogo mawili ya mashine ya mkono, zikaanikwa kama mvua ingeruhusu, ndipo zikapigwa pasi iliyopashwa jikoni; na muda wote huo watu walitaka kula, na ndama nao walitaka kunyweshwa. Goodman ameandika kwamba kufua kwa namna hiyo ndiko kulikomfanya aihesabu mashine ya kufulia miongoni mwa ngome kubwa za ukombozi wa wanawake. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kugusa pipa, lakini sidhani kama ingekuwa na uzito uleule.

Tena njia hii ina nasaba ya kitaaluma. Mwaka 1972 mwanaakiolojia Peter Reynolds alianzisha Butser huko Hampshire, shamba la majaribio la Enzi ya Chuma, ili kupima kwa vitendo yale ambayo wachimbaji walikuwa wakiyakisia. Moja ya maswali yake lilihusu mashimo yaliyochimbwa ardhini: je, nafaka ingeweza kukaa humo majira yote ya baridi ya Uingereza bila kuoza? Aliyajaza nafaka, akaziba mdomo wa shimo kwa udongo wa mfinyanzi, akasubiri. Punje zilizogusa ukuta wenye unyevu zilianza kuchipua, zikatumia oksijeni iliyokuwemo na kutoa kaboni dioksidi, na hewa ilipobadilika sehemu kubwa ya nafaka ikatulia bila kuharibika. Kwa hiyo hasara ndogo ya pembeni ndiyo iliyoilinda akiba yote ya katikati. Miaka sita baadaye, mwaka 1978, BBC ilionyesha mfululizo juu ya watu wa kujitolea walioishi mwaka mzima katika makazi ya Enzi ya Chuma waliyojijengea, na hapo ndipo maabara ya shambani na televisheni vilipofunga ndoa ambayo bado haijavunjika.

Wapinzani hawayakatai haya yote. Shaka yao inahusu yasiyoingia katika fremu, na mfano wake mzuri ni kupura ngano. Katika Victorian Farm, mashine ya kupura inayoendeshwa kwa mvuke huja kwa shangwe, mikanda ikizunguka, makapi yakiruka, na kila mtu akistaajabia uhandisi wa enzi ile. Ni tukio la kupendeza, na mimi pia nilistaajabu. Lakini mwaka 1830, miaka saba kabla Victoria hajarithi kiti cha ufalme, vibarua wa kusini na mashariki mwa Uingereza walizivunja mashine za kupura kwa nyundo, kwa sababu kupura kwa mkono ndiyo ilikuwa kazi yao ya majira ya baridi na bila kazi hiyo watoto wao wangekufa njaa. Watu 19 walinyongwa, na mamia wakasafirishwa kwa nguvu hadi Australia. Anayejifunza kuendesha mashine hiyo anaelewa jinsi inavyofanya kazi, lakini mikanda na magurudumu hayamwambii kwa nini kuna mtu aliyekuwa tayari kunyongwa kwa ajili ya kuiharibu.

Orodha ya yasiyofufulika ni ndefu kuliko hiyo. Sheria ya mwaka 1834 iliwaelekeza maskini wasio na kazi kwenye nyumba za kazi, ambako mume alitengwa na mke na wazazi wakatengwa na watoto. Hadi mwaka 1867 ndipo Bunge lilipokataza watoto wa chini ya miaka 8 kuajiriwa katika magenge ya vibarua wa mashamba, na anayesoma kwamba ilihitajika sheria kukataza hilo anaelewa lililokuwa likifanyika kabla yake. Mwaka 1872 Joseph Arch aliwaunganisha vibarua wa mashamba katika chama cha kitaifa, wakidai ujira bora. Hakuna kati ya hayo linaloweza kupimwa na wataalamu watatu wenye afya njema, wanaolipwa, ambao jino likiuma wana daktari, na ambao msimu ukiharibika wanapata kipindi kizuri zaidi kuliko ungestawi.

Uzio wa shamba huficha pia mahali vitu vilikotoka. Jiko la enzi ya Victoria halikujitosheleza hata siku moja: chai, sukari na pamba vilivuka bahari. Karafuu zilizochomekwa kwenye paja la nguruwe la Krismasi zilielekea sana kuwa za Unguja au Pemba, visiwa vilivyotawala soko la karafuu la dunia katika nusu ya pili ya karne ya 19. Zilichumwa na watumwa, kwani hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, karibu miaka 60 tangu Victoria aanze kutawala. Msomaji wa pwani yetu ataniwia radhi kwa kuikumbuka minyororo pale wengine wanaposikia harufu ya pai tu.

Aina ya pili ya vipindi hivi ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwatia washiriki wenyewe katika shida. Ujerumani ilionyesha mwaka 2002 familia ya mjini Berlin iliyopelekwa kuishi katika shamba la mwaka 1902 kwenye Msitu Mweusi. Mwaka huohuo Marekani ilionyesha Frontier House, ambamo familia tatu za siku hizi zilipelekwa Montana kuishi kama walowezi wa mwaka 1883, wale waliopewa ekari 160 chini ya sheria ya mwaka 1862 kwa sharti la kukaa na kuiendeleza ardhi kwa miaka mitano. Walikaa miezi mitano, kisha wataalamu wakaja kukagua kuni, nyasi kavu na akiba ya chakula ili waamue nani angelivuka majira ya baridi. Wazo la ukaguzi ni zuri mno, kwani linaigeuza hukumu ya historia kuwa rundo la kuni linaloweza kuhesabiwa. Kwa bahati mbaya kilichobaki kwenye skrini kwa muda mrefu zaidi kilikuwa ugomvi wa majirani na manung'uniko ya watu waliokosa starehe zao. Mtazamaji alipata picha kamili ya Mmarekani wa mwaka 2001 aliyenyimwa shampuu, na kidogo sana kuhusu mlowezi, sembuse wenyeji walionyang'anywa ardhi hiyo.

Kati ya aina hizi mbili naipendelea ya kwanza bila kusita. Mtaalamu anayejua mipaka ya jaribio lake anadanganya kidogo kuliko mshiriki anayeambiwa aishi maisha ambayo milango yake ya kutokea iko wazi. Hata hivyo, upendeleo huo haunifanyi niridhike. Tuseme kituo cha televisheni cha Dar es Salaam kiamue kufufua shamba la mkonge la Tanga la miaka ya 1930. Wangeweza kutuonyesha kwa ustadi jinsi jani linavyokatwa, linavyofungwa mzigo, linavyopelekwa kwenye korona, yaani mashine ya kutolea nyuzi, na jinsi nyuzi zinavyoanikwa juani, na tungejifunza mengi. Lakini kama nyapara hayumo, kama kipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, hakimo, na kama manamba wanaonekana kuwa watu waliopenda tu kuamka alfajiri, wazee wa Korogwe na Muheza wangezima runinga kabla ya nusu saa, na wangekuwa na haki.

Yapo mengine ambayo mtazamaji wa Afrika Mashariki huyaona upesi kuliko Mwingereza. Jembe la mkono, mundu, kupura kwa fimbo na kupepeta kwa ungo si historia kwa mamilioni ya wakulima wetu. Ni msimu uliopita. Kwa hiyo ile hamu ya kurudi kwenye kazi ya mikono, ambayo kwa mtazamaji wa London ni burudani ya Jumapili, kwetu haina mvuto wa namna hiyo, na maelezo ya jinsi mkulima wa Shropshire alivyolisha farasi wake yanasomeka kama ushauri wa bwana shamba.

Kwamba televisheni inaweza kuonyesha shinikizo bila kuigeuza historia kuwa mashindano kulidhihirika mwaka 2012, katika mfululizo wa shamba la wakati wa vita uliopigwa Manor Farm, Hampshire. Vita ilipoanza Uingereza ilikuwa ikiagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka nje, na kamati za kilimo za kaunti zikapewa mamlaka ya kumwamuru mkulima alime malisho yake, apande nini na kiasi gani. Ukaguzi wa kitaifa wa mwaka 1941 hadi 1943 uliwapanga wakulima katika madaraja A, B na C, na aliyeshindwa kabisa aliweza kuondolewa kwenye ardhi yake. Kwa kuwa amri hizo zilikuwa kiini cha hadithi, kila mtaro uliolimwa ulikuwa jibu kwa mtu fulani mwenye madaraka, na mtazamaji alijua ni nani.

Mbinu hiyo ingeingia bila taabu hata katika enzi ya Victoria. Kodi ambazo wakulima wa Uingereza waliwalipa wenye ardhi zilizoea kulipwa tarehe 25 Machi na 29 Septemba. Ingetosha daftari la kodi kuwekwa mezani mwanzoni mwa mwaka, likiwa na kiasi halisi cha enzi hiyo, na kila uamuzi wa shambani kupimwa kwa tarehe hizo mbili. Hapo ingeeleweka kwa nini mkulima aliuza ngano mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini, huku jirani yake mwenye ghala na fedha akiisubiri ipande.