Bakteria wa Saileji Si Wamoja

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kinangop alifungua shimo lake la saileji ya mahindi, yaani malisho yaliyovundikwa bila hewa, na siku ya nne, nilipotia mkono mahali alipokuwa akikata, nilikuta joto la uji ulioepuliwa sasa hivi. Siku ya saba ukungu ulikuwa umetanda, na ng'ombe wake wawili wakawa wanainusa tu na kugeuza vichwa. Kinachoniuma ni kwamba mama huyu hakuzembea: aliyavuna mahindi kwa wakati wake, akashindilia, akafunika vizuri, kisha akanunua na bakteria wa kuyachachusha kwa bei isiyo ndogo.

Aliuziwa bakteria wasioifaa kazi yake. Pakiti ilitaja Lactobacillus plantarum peke yake, ambaye hugeuza sukari kuwa asidi ya laktiki kwa haraka mpaka uchachu ukazidi na pH, kipimo chake, ikashuka karibu na 4. Kwa matete, yenye maji mengi na sukari kidogo, huo ni msaada mkubwa, mradi yanyaushwe kwanza na kutiwa molasi. Mahindi yana sukari ya kutosha na huchachuka vyema yenyewe. Shida yake huanza hewa inapoingia, kwa sababu kuna hamira zinazokula asidi hiyohiyo ya laktiki, zikatoa joto na kuufungulia ukungu njia. Anayezizuia ni Lactobacillus buchneri, ambaye hugeuza sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya asetiki, ile ya siki, ingawa hutaka shimo likae limefungwa kwa takriban siku 60.

Mwenye ng'ombe mia humaliza hatua nzima ya shimo kabla joto halijapanda. Mwenye ng'ombe wawili hukwangua vidole vichache tu kwa siku, kwa hiyo yeye ndiye anayemhitaji buchneri kuliko wote, na ndiye asiyeulizwa swali hata moja dukani. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba shimo jembamba lingemsaidia pia, na kwamba hakuna bakteria awezaye kuokoa saileji isiyoshindiliwa. Hata hivyo, muuzaji anawajibika kuuliza kabla ya kupokea pesa: unavundika nini, na una ng'ombe wangapi?

Jana mama huyo alitoa toroli tatu za saileji iliyoharibika akaimwaga mbali na boma, maana sumukuvu, sumu itokayo kwenye ukungu, hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo wanayokunywa wajukuu wake.