Kufunga, Kifua Kikuu na Seli Inayojila

Tangu Yoshinori Ohsumi wa Japani apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa utafiti wake wa autofajia, yaani seli kujila, neno hilo limetoka maabara likaingia vijiweni. Hapa Dar es Salaam nimelisikia kwenye daladala za Mbagala na kwenye sauti zinazosambazwa WhatsApp. Majuzi nilikuwa barazani Tandika, mzee mmoja akisema ukikaa na njaa saa 16 seli zako zinaanza kula uchafu na vijidudu vyote mwilini, TB ikiwemo. Aliyekuwa akiambiwa ni kijana aliye mwezi wa pili wa dozi ya TB.

Nilikosa usingizi kwa maneno yale, kwa sababu mzee hakuyatunga. Katika autofajia seli hukizungushia utando kitu kilichochakaa, kisha kifuko hicho huungana na lisosomu, chumba chenye asidi na vimeng'enya, na kila kilichomo husagwa. Seli ikinyimwa chakula huongeza kasi ya kazi hiyo ili ipate malighafi. Mwaka 2004 maabara ya Vojo Deretic huko New Mexico, Marekani, ilizinyima asidi za amino (vijenzi vya protini) makrofeji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu. Baada ya saa chache tu, bakteria wa TB waliokuwa ndani yake wakawa wamepungua.

Namna inavyofanyika inastaajabisha. Bakteria wa TB akimezwa hakubali kusagwa. Hukizuia kifuko alichofungiwa kisiungane na lisosomu, na tena hukitoboa. Tundu hilo ndilo humponza. Seli hulibaini na kumbandika bakteria na kifuko chake ubikwitini, protini ndogo inayofanya kazi kama ile X nyekundu tuliyozoea kuiona kwenye nyumba za kubomolewa zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Protini nyingine, p62, hushika alama hiyo kwa upande mmoja na utando mpya kwa upande wa pili, na mgeni anafungiwa upya. Bakteria mwingine, Salmonella, naye hukamatwa kwa njia inayofanana na hii.

Ila bakteria nao wamejifunza. Legionella hutoa kimeng'enya kinachokata protini ambayo utando wa autofajia hauwezi kuikosa. Coxiella ndiye wa ajabu zaidi: huvigeuza vifuko vya autofajia kuwa makazi yake akazaliana humo. Kwa bakteria kama huyo, kuchochea autofajia ni kumwandalia nyumba.

Hata kwa TB mambo hayajanyooka. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliziondoa jeni za autofajia kwenye seli za kinga za panya, moja baada ya nyingine. Ilipoondolewa Atg5 panya walizidiwa, lakini zilipoondolewa nyingine kadhaa za njia ileile hawakudhurika zaidi. Yaani huenda Atg5 huwalinda kwa kazi nyingine, ikiwemo kutuliza uvimbe unaoletwa na seli za kinga zenyewe. Kisha mwaka 2023 watafiti wa London wakaonyesha kuwa makrofeji za binadamu zikikosa jeni za autofajia ATG7 au ATG14, bakteria wa TB huongezeka. Mimi naona matokeo haya ya seli za binadamu yana uzito, na kwamba autofajia ni kinga ya kweli. Kinachonishinda kukubali ni ule mruko kutoka seli hadi sahani ya chakula.

Makrofeji ya maabara ilikosa asidi za amino kwa saa chache. Mgonjwa wa TB anakosa chakula kwa miezi, na ugonjwa wenyewe unamla misuli. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa Jharkhand, India, ambako familia za wagonjwa zilipewa chakula: kwa kila mtu mzima wa nyumbani, kilo 5 za mchele na kilo moja na nusu ya nafaka za jamii ya kunde kila mwezi. Ndugu walioishi na wagonjwa hao waliugua TB pungufu kwa takriban asilimia 39 kuliko wale ambao familia zao hazikupewa chakula cha ziada. Mchele na kunde, pamoja na vidonge vya vitamini na madini!

Dawa za kuchochea autofajia bila njaa zinatafutwa, na hilo naliunga mkono. Everolimus, wanayopewa waliopandikizwa viungo, ilijaribiwa Afrika Kusini pamoja na dozi ya TB. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha mapafu yamepata nafuu zaidi, ingawa makohozi hayakusafika haraka zaidi. Ni hatua, lakini iliongezwa juu ya dozi, haikuchukua nafasi yake.

Funga ya Ramadhani siigusi. Ile ni ibada, na mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani. Nasema juu ya kijana yule wa Tandika. Kila anapokwenda kituoni kuchukua dawa hupandishwa mizani. Uzito ukikutwa umeshuka, naomba muuguzi amuulize pia kama kuna mtu amemwambia aache kula.